Kiti cha Kushoto

Miaka mitatu nilimbembeleza Humud bin Khalfan
aniuzie kabureta,
na miaka mitatu alinijibu neno moja: bado.
Yake ilikuwa Pijo ya sitini na saba, yangu ya sitini na nane,
na Sumail nzima
hapakuwa na mtu wa tatu wa kutuamua.

Yangu ilishuka kwenye kontena kutoka Mombasa,
kutu mpaka kwenye kope za taa,
panya wamezaa ndani ya kiti cha nyuma,
usukani upande wa kulia.
Wanangu walicheka. Mama, umestaafu maabara
ukanunue maiti?
Nikawaambia, maiti haivuji mafuta.
Hii inavuja.

Nilianza na breki, maana mimi ni mwoga.
Kisha radiata, kisha nyaya
zilizotafunwa zikabaki kama tambi za Idi.
Varghese wa gereji ya njia panda
alinifundisha kupima pengo la plagi kwa ukucha.
Ukucha wako, mama, alisema, si wangu. Wangu umekwisha.
Siku ya harusi ya mpwa wangu Zuhur
mpaka hina aliishika mikono yangu, akaigeuza huku na huku,
akauliza ni nani aliyemtangulia.

Ilipofika siku ya kuwasha, injini ilinguruma,
ikakohoa, ikanyamaza,
kama mgeni aliyepiga hodi
kisha akakumbuka kuwa nyumba siyo.
Nikakaa sakafuni pale pale, spana mapajani.
Sikulia. Nilikula tende saba, nikaenda kulala.

Halafu Humud akaja, ameshikwa mkono na mjukuu,
kabureta ameifunga ndani ya kilemba kikuukuu.
Macho yamekwisha, alisema,
kama mtu anayetaja taa za mbele. Ni sukari.
Bei gani? nikauliza.
Unipakie. Kila Alhamisi.
Na mlio wake usiponipendeza, nitasema.

Bibi wee, alisema!
Barabara yote ya Izki, vioo tumeteremsha,
vumbi la moto na harufu ya petroli vifuani:
Valvu ya pili inabana.
Mkanda wa feni umelegea, husikii unavyolia?
Gia ya tatu umeitia mapema, nani anakufukuza?
Hapa kulia pana mlima mwekundu, au wameshauchimba?
Nikamwambia upo.
Akanyamaza kidogo. Akasema, kaza nati za ekzosi.

Alhamisi ya sita, tukakaribia kipilefti cha Izki
(sisi tuliozaliwa Pemba bado tunakiita hivyo,
ingawa huku watu hushika kulia),
kijana wa polisi akaona gari linakuja,
na pale anapokaa dereva, kiti cha kushoto,
mzee wa miwani myeusi, uso ameuinua juu,
fimbo katikati ya magoti, mikono yote miwili hewani
akipiga mapigo ya pistoni.

Filimbi ile hata Nizwa waliisikia.

Mzee, unaona unakokwenda?
Sioni kitu tangu mwaka juzi, Humud akamjibu,
kwa fahari kabisa.
Kijana akautafuta usukani kwa macho,
akaukuta kwangu, nimeushika kama sinia la bwimbwi,
akacheka mpaka kofia ikamponyoka.
Akalizunguka gari. Akaligusa bampa
kwa nyuma ya kidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Babu yangu alikuwa na hii, akasema, sauti imeshuka.
Mama, huiuzi?

Nikasikia kushoto kwangu Humud amezuia pumzi.

Bado, nikasema.

Humud akagonga dashibodi kwa fimbo.
Basi twende, tena taratibu.
Ikisimama hivi juani inachemka,
na maji ya radiata umesahau, nayasikia yanavyopungua.